Iguse Tu, Ijiendee: Peni ya Kila Siku Iliyonitoa Akili

Rafiki yangu, hiyo peni uliyoshika iweke chini kwanza. Iweke chini unisikilize, maana vidole vyangu bado vinacheza na sijui hata nianzie wapi. Nimeishika Jetstream! Nimeishika, nimeibonyeza, nimeandika jina langu, jina la mama, majina ya mitaa kuanzia Msimbazi mpaka Lumumba, mahitaji ya sokoni, barua isiyo na wa kuipokea, na bado! Bahasha ya kaki, pembezoni mwa gazeti, nyuma ya kalenda ya mwaka jana, kila karatasi iliyokatiza mbele yangu imepata sehemu yake. Inateleza kama mlenda, jamani. Haikwaruzi, hairukiruki, haikwami, unaigusisha tu na mstari huo umeshatoka, mweusi tii, umekolea, umejaa, laini, mzuri mno mno mno.

Na wala si kalamu ya kifahari! Si ile ya kuwekwa kwenye boksi la velveti akabidhiwe mgeni rasmi. Ni peni ya kubonyeza, ya plastiki, ya kuchomeka mfuko wa shati ukaenda nayo kazini, peni ya kila siku kabisa. Hapo ndipo furaha inapozidi kunipanda. Kitu cha kawaida hivi, kinachouzwa rafu moja na rula na gundi, halafu kinafanya mkono ujisikie umepewa likizo!

Usiniambie simu imemaliza kuandika. Unaandika kutwa. Fomu ya benki, daftari la mahudhurio, kadi ya kliniki, kitabu cha risiti, muhtasari wa kikao, hesabu za duka, nukuu za darasani. Mwalimu wa sekondari akikalia rundo la daftari za kidato cha pili haandiki kidogo. Nesi anayepokea zamu haandiki kidogo. Ukimaliza, kidole cha kati kimebonyea, gumba linauma, kifundo cha mkono kimekaza, nawe unajiambia leo kazi ilikuwa nyingi. Nusu ya maumivu hayo, rafiki yangu, umeyabeba kwa sababu ya peni!

Mimi ndiye katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, kwa hiyo Kariakoo nilifuata kaunta buku tu, basi. Kaka wa steshenari akanisogezea karatasi ya kujaribia na hii peni juu yake. Nikaishika kwa mazoea yangu, nikakaza.

"Dada, usiikandamize. Iache ijiendee."

"Itatoa kweli?"

"Wewe iguse tu."

Nikaigusa. Lo! Lo, lo, lo! Mkono ulitangulia, akili ikafuata nyuma. Niliandika sentensi nzima kabla sijajua naandika nini, na kilichonishtua zaidi ni ukimya wake. Hakuna kile kisauti cha kukwaruza, hakuna ule mtetemo mdogo unaopanda kwenye vidole, kimya kabisa, laini kabisa, mpaka nikainama kuangalia kama kweli ncha imegusa karatasi. Mama mmoja aliyekuwa anasubiri kufungiwa madaftari akaniuliza, "Mwanangu, kuna nini?" Nikamwambia, "Mama, shika na wewe!" Akashika, akaandika jina lake pole pole, akanitazama, akaandika tena. Hakunirudishia haraka.

Siri yote iko kwenye wino, na hapa nivumilie kidogo kwa sababu pametamu. Mbele ya peni yoyote ya namna hii kuna gololi, ndogo ajabu, kwenye hii yangu haifiki hata milimita moja, imekaa kwenye kikombe chake. Ukivuta mstari gololi inazunguka, inachota wino huku, inaupaka kule. Basi! Lakini wino wa peni nyingi za kawaida ni wa mafuta na ni mzito, unavutika, una ukaidi, kwa hiyo gololi inataka kusukumwa, na wa kuisukuma ni wewe kwa misuli yako. Ndiyo maana unakandamiza bila hata kujijua. Zile za jeli zina wino wa maji, nazo zinatiririka raha kweli, ila zinachelewa kukauka, kiganja kikipita juu yake kwisha habari. Sasa hawa mabwana wa Japani, Mitsubishi Pencil (kampuni ya tangu 1887, na ya magari haihusiani nayo kabisa, ingawa zote zina alama ya almasi tatu), walirudi kwenye wino wa mafuta, wakaulainisha, ukawa mwepesi, mtiifu, unaifuata gololi bila ubishi. Ukavu wa mafuta na wepesi wa jeli, kwenye peni moja! Na bado! Humo ndani kuna gololi ya pili, ndiyo, ya pili, ya kuzuia wino usirudi nyuma. Nani alikaa akawaza hilo?

Kwao Japani ipo madukani tangu 2006. Tangu 2006! Miaka yote hiyo watu wanateleza tu.

Laiti ningeweza kumpelekea László Bíró moja. Huyu alikuwa mwandishi wa habari wa Budapest, na kalamu za zama zake zilikuwa zinavuja, zinachafua karatasi, zinachafua mikono. Aliona wino wa mitambo ya magazeti unakauka upesi, akautaka, lakini ule wino ulikuwa mzito mno kupita kwenye ncha ya kawaida. Yeye na ndugu yake György wakahangaika na gololi, wakahangaika na wino, mpaka mwaka 1938 akachukua hataza. Kisha akaukimbia moto wa Ulaya, akaishia Argentina, na huko hadi leo siku yake ya kuzaliwa, tarehe 29 Septemba, ni siku ya wavumbuzi. Marubani wa Uingereza walizitumia peni zake wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kwa sababu angani hazikuvuja. Sasa fikiria: mtu huyo alipigana na tatizo moja tu, wino ukiwa mzito hautoki, ukiwa mwepesi unavuja. Na mimi hapa nimeshika peni ambayo wino wake ni mwepesi na hauvuji! Angefurahi, nakuhakikishia angefurahi mno.

Hebu fanya kitu kimoja. Chukua daftari uliloandika wiki hii, geuza ukurasa, pitisha kidole nyuma yake. Unasikia? Vile vijivimbe, ile mistari iliyochomoza, karatasi imekuwa ngumu, inaliaalia ukiikunja. Hizo ni nguvu zako, zimezikwa kwenye karatasi neno kwa neno. Mimi nimeandika ukurasa mzima wa muhtasari kwa Jetstream, nikaugeuza, nikapitisha kidole, nikapitisha tena nikiwa nimefumba macho. Karibu tambarare! Hapa na pale tu kidole kilikuta nukta, mahali nilipoweka kituo kwa msisitizo. Karatasi imebaki karatasi. Nilikaa nikiipapasa hiyo karatasi muda mrefu kuliko muda niliotumia kuiandika, na kila aliyeingia chumbani nilimpa aipapase.

Kwa hiyo utadhani ni laini tu, ni ya kubembeleza, haiwezi kazi ngumu. Thubutu! Mjomba wangu ana duka la vifaa vya ujenzi, anaandika kitabu cha risiti chenye kaboni, nakala ya mteja, nakala yake. Peni za jeli alishazikataa, anasema nakala ya chini inatoka hafifu. "Shikamoo mjomba, hebu jaribu na hii." Akaishika kwa lile konzi lake la kufunga nondo, akakandamiza kwa nguvu zake zote: mabati, misumari, mifuko ya saruji, jumla, sahihi. Akafungua karatasi ya chini. Imetoka! Imetoka wazi, kila tarakimu! Kwa sababu ukoo wake ni ule ule wa wino wa mafuta na gololi ngumu, ukiitaka ikandamizike inakandamizika, hailalamiki. Mjomba hakusifu, si mtu wa kusifu, ila aliiweka mfukoni na nikalazimika kuiomba.

Na mtoto wa dada yangu! Huyu anaandika kwa kushoto, na anayeandika kwa kushoto anajua shida yake: mkono unafuata nyuma ya maneno, unayafagia kabla hayajakauka, ikifika jioni ukingo wote wa kiganja ni bluu. Aliandika mistari mitatu minne, akageuza mkono, akauangalia, akaniletea mbio. Msafi! Kulikuwa na kivuli kidogo tu cha wino pale alipoacha kituo kikubwa, basi. Nikawaza papo hapo, na wanaoandika hati za Kiarabu je? Kule Unguja, Lamu, Mombasa, kwenye vyuo vingi vya Kurani ubao umeachwa siku nyingi na watoto wana madaftari, wanaandika kutoka kulia kwenda kushoto kwa mkono wa kulia. Nao si mkono unapita juu ya walichokwisha kuandika? Shida ni hiyo hiyo! Nikaandika bismillahi nzima kwa zile hati, taratibu, na jamani, mikunjo ile, mzunguko wa mim, mkia wa nun, peni inakwenda inarudi bila kusitasita, nukta zinakaa pale pale unapozitaka, ndogo, kali, nzuri. Mwalimu wa chuo akiipata hii ataniombea dua.

Mwili wake nao nisiupite. Una mviringo mnene kiasi, na pale vidole vinapokaa pamevishwa raba, laini lakini haibonyei ovyo. Hili ni jambo kubwa kuliko tunavyolichukulia, hasa kwa joto letu. Februari Dar es Salaam, feni inazungusha hewa ile ile ya moto, kiganja kina jasho, peni nyembamba ya plastiki inakuponyoka, nawe unaibana zaidi, na kadiri unavyoibana ndivyo mkono unavyochoka. Unene huu unavipa vidole nafasi ya kujikunjua, raba inashika jasho lisikuhangaishe, na wino hauombi nguvu. Vitatu kwa pamoja! Nimejikuta naishika nyuma zaidi, mbali na ncha, vidole vimelegea, mkono wote unasogea badala ya vidole kukaza. Mwandiko wangu wenyewe umebadilika, umepanuka, una pumzi. Na kile kitufe cha juu! Tak! Kigumu kidogo, kinarudi vizuri, sauti yake kavu na safi. Nimebonyeza mpaka watu wa nyumbani wameomba niache, na bado!

Bic naye asinikasirikie. Ile ya plastiki angavu yenye pembe sita, ile aliyoitoa Marcel Bich Ufaransa mwaka 1950, mimi naiheshimu kwa moyo wote. Zile pembe sita zinaizuia isibingirike mezani, kile kitundu kidogo ubavuni kinaingiza hewa wino ushuke, na kile cha kwenye kifuniko kimewekwa ili mtoto akikimeza hewa ipite. Imewekwa hadi kwenye makumbusho ya sanaa za kisasa ya New York, na Nairobi wana kiwanda cha Bic. Tumefanya mitihani yetu yote kwa ile peni, inadumu, inaaminika, ni rahisi, duka lolote la mtaani utaikuta. Kwa sahihi moja na fomu moja, sina neno. Lakini kwa mtu wa kuandika kurasa kumi mfululizo, mkono unataka raha, na raha ndiyo hii ninayokupigia kelele!

Sasa ukienda dukani, nakuomba sana, usichore viduara. Kila mtu anachora viduara viwili vitatu anasema hii nzuri, analipa, anaondoka. Kwenye duara gololi inazunguka bila kusimama, hata peni mbaya inapendeza. Andika sentensi ndefu, nzima, kwa kasi ile ile unayoandikia mwenyekiti anapoongea haraka. Weka sahihi yako. Andika herufi za vilima, m na n na u, zikifuatana, taratibu, uone kama mstari unakatika kwenye kupanda. Kisha iweke chini, ulizia bei ya bahasha, ongea ongea, uirudie bila kuikuna kwanza, uone kama herufi ya kwanza imetoka kamili. Hii yangu ilitoka! Kamili! Na usiandikie karatasi moja juu ya kioo cha kaunta, gololi inataka mahali pa kushika, omba daftari au karatasi kadhaa uweke chini yake, utaona peni ile ile inabadilika kabisa. Jingine, usiiandikie ukutani wala ukiwa umelala chali, ncha ikitazama juu wino hauna njia ya kushuka, hewa inaingia, halafu unaisingizia peni.

Ncha zipo za ukubwa mbalimbali. Mimi nimeangukia ya kati na siitoi. Nyembamba zaidi inafaa wenye mwandiko mdogo wa kubanana na wahasibu wa vyumba vidogo vidogo, inatoa mstari safi sana, ila unaanza kuisikia karatasi kidogo, ule mteremko unapungua. Nene ni sherehe! Nene inamwagika, inang'aa, sahihi yako inaonekana ya waziri, lakini ndiyo inayochukua muda zaidi kukauka, kwa hiyo mpenzi wetu wa mkono wa kushoto asiiguse.

Bei? Iko juu ya zile tulizozoea, lazima niseme, na wino wake unaisha mapema kwa sababu unatoka kwa ukarimu. Andika sana uone mrija unavyoshuka, unashuka kweli! Ila mrija wenyewe unabadilishwa, unafungua, unatoa mtupu, unaingiza mpya, mwili unaendelea. Uliza mrija kabla ya kuondoka dukani, wengine wanaleta peni bila mirija yake. Ile raba pia inakusanya vumbi ukiitupa mkobani na makombo ya biskuti, ipanguse kwa kitambaa chenye maji kidogo, inarudi upya.

Kikao chetu cha kwanza nikiwa nayo, mweka hazina alianza kusoma marejesho, jina, kiasi, riba, jina, kiasi, riba, na mimi sikumwomba asubiri hata mara moja. Kwa kawaida huwa namwinulia mkono ili nivinyooshe vidole. Safari hii nilimaliza kabla yake nikawa namsubiri yeye! Mama Mwenyekiti akavuta kaunta buku, akasoma, akauliza nani ameandika. Nikampa peni. Akaweka sahihi, akanyamaza, akaweka nyingine pembeni isiyohitajika. Sasa kikundi kizima kimeniagiza. Kizima! Na wewe niambie mapema unataka bluu au nyeusi, maana Jumamosi narudi Kariakoo na nyekundu ya Mwalimu wa jirani nayo imeshaagizwa, na ipo ile ya rangi nne kwenye mwili mmoja niliyoiona tu kwa mbali nyuma ya kioo, sikuishika, muda uliniishia, lakini hiyo Jumamosi naishika!